Kilo 140 za ziada: tulivyojiandaa kuishi ndani ya trela baada ya kustaafu

Kijana wa kwenye mizani ya malori alisoma namba, akanitazama, akaisoma tena. "Mzee, hapa umezidi." Tulikuwa tumelifungua trela, nyumba yetu ndogo ya magurudumu, kutoka kwenye gari, limebaki peke yake juu ya mizani. Bamba la chuma karibu na mlango linasema lisizidi kilo 1,500. Mizani ilisema 1,640.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili tufunge nyumba tuondoke. Safari hii nilikuwa nimeipanga miaka minne, tangu nikiwa bado kazini. Nilikuwa na madaftari matatu ya njia, mito, milima, na mahali pa kulala. Karatasi ya uzito sikuwa nayo hata moja.

Na hata pale kwenye mizani nisingefika, kama si mteremko wa siku tatu nyuma. Tulikuwa tunarudi kutoka safari ya majaribio, mwendo wa kilo­mita 80 kwa saa, lori kubwa likatupita. Upepo wake ulilisukuma trela pembeni, likarudi, likaenda upande wa pili zaidi, likarudi tena. Gari lote likaanza kutikiswa mkia kama mbwa anayetoka majini. Nilichofanya ndicho ambacho mtu yeyote hukifanya akishikwa na hofu: nikakanyaga breki. Ikawa mbaya zaidi. Aliyetuokoa ni mwisho wa mteremko. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na mimi najua kimya chake kina maana gani.

Baadaye fundi mmoja aliyezoea matrela alinieleza. Trela likianza kuyumba, unaachia mafuta, unashika usukani umenyooka, na breki ya gari huigusi kwa nguvu. Kama una swichi ya kufunga breki za trela peke yake, hiyo ndiyo unayobonyeza, kwa sababu trela likivutwa nyuma hunyooka. Gari likipunguza mwendo kwanza, trela linalisukuma. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Pua yake ina kilo ngapi?"

Pua ni ule mkono wa chuma wa mbele, unaokaa juu ya kiungo cha gari. Uzito unaolala pale ndio unaolifanya trela litulie. Marekani wavutaji wengi hufuata asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ulaya, ambako matrela hujengwa kwa namna nyingine na hayaruhusiwi kwenda kasi sana barabarani, huwa pungufu ya hapo. Ukiweka mzigo mzito nyuma ya magurudumu, pua inainuka, na umejitengenezea pendulumu, yaani kitu cha kubembea huku na huku.

Tulipima yetu uani kwa mizani ya bafuni. Mizani hiyo haiwezi kubeba pua nzima, kwa hiyo ulitafutwa ubao mgumu. Mwisho mmoja uliwekwa juu ya tofali, mwisho mwingine juu ya mizani, vyote kimo kimoja, na pua ikashushwa juu ya ubao kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye tofali. Hapo mizani inabeba theluthi tu ya uzito. Ukitoa uzito wa ubao wenyewe, unazidisha kwa tatu. Sindano ilisimama kwenye 27. Mara tatu, 81. Katika trela la kilo 1,640 hiyo ni asilimia 5 hivi.

Sababu haikuhitaji mtaalamu. Kitanda chetu kiko nyuma, na chini ya kitanda ndiko kwenye sanduku kubwa kuliko yote. Mimi nilikuwa nimelijaza vitabu na zana. Kila nilipoona nafasi tupu, niliona mahali pa kuweka kitu.

Hesabu yenyewe ilitakiwa kufanywa kabla hatujanunua. Trela tupu, kwa mujibu wa lile bamba, lina kilo 1,180. Kwa hiyo ulibaki uzito wa kilo 320, na muuzaji aliutaja kama vile ni shehena ya meli. Lakini ile "tupu" ni tupu kweli: haina maji, haina gesi, haina betri. Tangi la maji la lita 90 ni kilo 90. Mitungi miwili ya gesi ikiwa imejaa ilikuwa kilo 38. Betri mbili za asidi, kilo 58. Hapo hujaweka hata sufuria, na umebakiwa na kilo 134 kwa ajili ya watu wawili watu wazima wanaohamisha maisha yao. Vitu vyetu vilikuwa kilo 274.

Jambo jingine ambalo sikulijua: uzito wa pua unahesabiwa kuwa ni mzigo wa gari. Pua ya kilo 150 ni sawa na abiria wawili waliokaa kwenye buti muda wote. Sasa ongeza sisi wenyewe, na jenereta niliyodhani naifichia kwenye gari ili trela lisielemewe.

Kwa hiyo kama kuna kitu ningekirudia upya, ni mpangilio wa ununuzi. Sisi tulipenda trela kwanza, ndipo tukaangalia kama gari linaweza. Ilikuwa tuanze na gari, tusome kitabu chake kinasemaje kuhusu uzito wa kuvuta, uzito wa pua, na uzito wa gari na trela kwa pamoja, tutoe sisi na mizigo yetu, ndipo tutafute trela linaloingia kwenye kilichobaki. Gari letu liliponea chupuchupu. Najua mstaafu mwenzangu ambaye lake halikuponea, na giaboksi alibadilisha njiani.

Tairi nazo zilitufundisha kusoma. Trela lilikuwa la mitumba, na tairi zake zilikuwa na meno mazuri kabisa, hazijaliwa. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne za mwisho kwenye kile kisanduku kidogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Ikiandikwa 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zetu zilikuwa na miaka tisa. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, kwa jua na kwa kubeba uzito mahali pamoja, na wengi huyabadilisha kati ya mwaka wa tano na wa saba hata kama meno bado yapo. Tulibadilisha yote pamoja na la akiba. Tangu hapo nina tabia: tukisimama kupumzika, nazunguka na kugusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Likiwa moto kuliko mwenzake, ama breki inashika ama beringi inaomba grisi. Nati za magurudumu nazikaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100 kila gurudumu linapofunguliwa. Ni kazi ya dakika tano, na watu wanaonitazama hudhani nimeharibikiwa.

Niseme habari ya majaribio, maana hapo ndipo tuliokoa ndoa.

Kabla ya kukabidhi nyumba kwa mtu, tuliishi ndani ya trela uani kwetu kwa wiki tatu. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuingia ndani ya nyumba, hata kwa choo, hata kwa kuchaji simu. Majirani waliona tumefilisika. Siku ya pili tayari tulikuwa tunajua kwamba meza inayogeuzwa kuwa kitanda ni hadithi nzuri dukani tu. Kila usiku uondoe vikombe, ushushe meza, upange mito kama mafumbo, utandike. Kila asubuhi ufungue yote kabla hujapata pa kukaa. Kijana anaweza. Mimi na mgongo wangu, usiku wa nne nililala juu ya mito bila kuigeuza. Ikabidi kitanda kiwe cha kudumu, na meza ikawa kibao kidogo cha kukunja ukutani.

Tena kitanda kilikuwa kimekaa upande, ukuta kushoto na miguuni. Aliyelala ndani akitaka kwenda haja usiku lazima ampande mwenzake. Katika umri huu safari hizo si chache. Tuliamua aliyelala ndani ni yule anayeamka mara chache zaidi, na tulihesabu kwa uaminifu wiki nzima kabla ya kutoa hukumu. Nililala upande wa nje.

Halafu friji. Mke wangu anatumia insulini. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyoanza kutumika, aina nyingi, huweza kukaa nje ya friji siku 28 hivi mradi pasiwe na joto kali. Friji lililokuja na trela lilikuwa la kutumia gesi. Friji la namna hiyo halina mota. Amonia iliyo ndani, ile inayoleta ubaridi, inazunguka yenyewe kwa joto na kwa uzito wake, na kwa hiyo linataka trela likae sawasawa kabisa. Uani kwetu pana mwinamo ambao miaka yote sikuwahi kuuona. Asubuhi ya sita kipimajoto ndani ya friji kilisoma nyuzi 14. Tulikuwa nyumbani, hakuna kilichoharibika isipokuwa usingizi wangu. Fikiria mahali pasipo na duka la dawa.

Tukaliondoa, tukaweka la kompresa la volti 12, ambalo halijali mwinamo wa kawaida. Lakini kila unachorekebisha kwenye trela kinasukuma kingine. Friji la kompresa la ukubwa wetu hula kati ya amp-saa 30 na 50 kwa siku (amp-saa ni kipimo cha umeme unaotoka kwenye betri), kutegemea joto. Betri ya asidi ya amp-saa 100 usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo mbili zetu zilikuwa zinatoa 100 tu za kutumia, kwa kilo 58. Tukahamia betri moja ya lithiamu ya amp-saa 100, kilo 13, ambayo unaweza kutumia 80 bila wasiwasi. Chaja ya zamani haikufaa, ikabidi nayo ibadilishwe. Na lithiamu ya aina ile haitaki kuchajiwa ikiwa yenyewe imeshuka chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo imehamia ndani, chini ya kiti.

Sola ina ugomvi wake. Siku ya joto mwili unataka kivuli, na paneli juu ya paa inataka jua. Kivuli cha tawi moja kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Tulizozana juu ya hili kila tulipoegesha, mpaka tukaongeza paneli ya kubebwa mkononi yenye waya mrefu. Sasa trela linakaa kivulini, paneli inakaa juani, na mimi ndiye ninayeihamisha mara tatu kwa siku kama mchungaji.

Wiki ya tatu ya majaribio ilinyesha, tukafunga madirisha yote. Mke wangu alipoinua godoro kupangusa vumbi, upande wa chini ulikuwa umelowa, na doa jeusi la ukungu limeanza kona moja. Kulikuwa hakuna paa linalovuja. Yalikuwa maji yetu wenyewe: pumzi za watu wawili usiku kucha, maji ya kuchemsha, na mvuke wa gesi, kwa kuwa gesi ikiungua hutoa maji. Hewa hiyo inapokutana na ubao baridi chini ya godoro, inageuka matone. Niling'oa ubao nikaweka fito zenye nafasi katikati, na tangu hapo tundu la paa halifungwi kabisa, mvua au baridi. Tundu hilo lina kazi nyingine kubwa zaidi: kutoa hewa chafu ya moto wa gesi. Jiko la gesi halitumiki kupasha moto chumba cha kulala, kwa sababu kaboni monoksidi, hewa ya sumu itokayo kwenye moto, haina harufu na haikuamshi. Tuna kengele mbili: ya kaboni monoksidi karibu na tunapolala, na ya gesi chini karibu na sakafu, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini.

Watu hudhani maisha haya ni mtindo mpya. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Uskoti, aliyekuwa amestaafu kwenye jeshi la majini la Uingereza, alijengewa gari la kulala la kuvutwa na farasi akaondoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness. Lilikuwa na uzito unaokaribia tani mbili, na mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kutazama njia na kuwaonya watu. Nilipoisoma habari hiyo niliwahurumia farasi kwanza. Halafu nikamwonea wivu daktari kwa yule mtu wa mbele.

Maana kurudisha trela nyuma ni fani. Nilijidanganya kwamba dogo ni rahisi. Dogo ni gumu zaidi: refu hugeuka taratibu, unapata muda wa kujisahihisha, fupi linakunjika kabla hujafikiri. Kilichonisaidia ni kushika usukani chini kabisa, pale penye namba 6 kwenye uso wa saa. Mkono ukienda kulia, mkia wa trela unaenda kulia. Tulifanya mazoezi kwenye uwanja mtupu, ndoo mbili zikiwa nguzo za lango. Ndoo moja hatunayo tena. Makubaliano yetu ni haya: nisipomwona mke wangu kwenye kioo, nasimama. Haijalishi nina haraka gani, na haijalishi nani anapiga honi. Zamani alikuwa anasimama nyuma ya trela akipiga kelele "njoo, njoo", nami simwoni wala sijui njoo ya wapi.

Naye amejifunza kuvuta trela. Hilo alilitaka mwenyewe baada ya ule mteremko. "Baba Neema, ukiugua mahali huko, nitakukokota kwa kamba?" Sikuwa na hoja. Amekuwa dereva mzuri kuliko mimi, kwa sababu haoni aibu kwenda polepole.

Kuhusu nyumba, sisi hatukuiuza. Tuliipangisha kwa mwaka mmoja, na kuacha chumba kimoja cha stoo kilichofungwa. Wapo waliouza wakasema wamepata uhuru, siwapingi. Ila mimi nilikuwa nimeanza kupenda kitu ambacho sijakiishi, na mtu wa namna hiyo asipewe hati ya nyumba mkononi. Karatasi nyingine zilikuwa kero kuliko ngumu: anwani ya kupokelea barua, daktari anayekubali kutufuatilia kwa simu, dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na bima. Bima nusura itutoe nje. Kampuni moja ilikuwa imetuandikia bima ya trela la likizo, na katika maandishi madogo ilisema haimlipi mtu anayeishi humo moja kwa moja. Tungelipa mwaka mzima tukidhani tumekingwa. Ukienda kukata bima, sema wazi: ninaishi humu.

Pensheni nayo ilituambia jambo ambalo madaftari yangu hayakulijua. Siku ya kukaa ni rahisi, siku ya kusafiri ni ghali. Gari likivuta hunywa mafuta kwa kiasi ambacho usingekubali kama ungeambiwa kabla. Wamarekani wana kanuni ya tatu-tatu-tatu: usizidi maili 300 kwa siku, ambazo ni kilomita 480 hivi, fika ifikapo saa tisa alasiri, ambayo kwa Kiingereza ni saa 3, kaa usiku tatu. Kwetu 480 ni adhabu. Tulishuka hadi 250, saa tisa tukaiacha ilivyo, na usiku tatu ukawa wiki mbili. Njia niliyoipangia miezi kumi sasa inahitaji miaka mitatu. Nilinuna siku moja, kisha nikafuta tarehe zote kwenye madaftari.

Tarehe ya kuondoka tuliisogeza kwa wiki tano. Maji tunasafiri nayo lita 20, tunajaza tukishafika. Jenereta ilirudi stoo, vitabu vikarudi, nusu ya zana, sufuria tatu kati ya tano, na cherehani, ambayo iliondoka kwa majonzi ambayo nisingependa kuyasimulia hapa. Kilo 105 za vitu zilishuka. Vilivyobaki vizito vililala sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Tulirudi kwa yule kijana: 1,420. Pua kwenye ubao ilisoma 54, yaani 162. Kwenye mteremko uleule lori lilitupita tena, trela likasogea kidogo likatulia, na mke wangu akaendelea kumenya chungwa.

Mlangoni kuna mizani ndogo ya kuning'inia, ile ya kupimia masanduku ya ndege. Hakuna kinachoingia bila kupita hapo. Juzi nilirudi na kitabu. Mke wangu akakitia kwenye mfuko, akakining'iniza: gramu 400.

"Unatoa nini?" akaniuliza.

Nimekaa nacho kwenye ngazi toka asubuhi, nakisoma haraka haraka ili nikiache hapahapa.